Feloshipu za postdok makumbusho: mawili matatu kwa mnaomaliza PhD

Wadogo zangu wa Unguja na Pemba mnaomaliza PhD ya historia ya sanaa, au akiolojia, au hata Kiswahili lakini tesisi yako imegusa milango, kanga, vito, picha za zamani, nataka niseme kuhusu hizi feloshipu za postdok za kwenye makumbusho, yaani nafasi za utafiti zenye posho kwa aliekwishamaliza PhD, maana naona watu wanaziomba kama wanavyoomba kazi ya chuo halafu wanakosa, na si kwamba hawajui, wanajua sana, ila maombi yao yanazungumzia tesisi tu mwanzo mpaka mwisho.

Makumbusho yanatafuta mtu atakaekaa na vitu vilivyomo stoo kwao. Kwa hivyo kabla hujaandika hata mstari mmoja ingia kwenye katalogi yao ya mtandaoni, makumbusho ya Met ya New York wanayo, Smithsonian ya Washington wanayo, British Museum wanayo, ukatafute Zanzibar, Pemba, Lamu, Swahili, na utafute pia kwa tahajia za zamani. Utakuta vitu vingi maelezo yake ni mstari mmoja tu, kiti, mbao, Afrika Mashariki, karne ya 19, basi. Hapo ndipo pa kuanzia pendekezo lako. Andika namba za vitu unavyotaka kuviona, useme swali lako ni lipi, na useme wewe utasoma nini ambacho rekodi yao haijakisoma. Mlango wa nakshi mara nyingi una maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti cha juu na pengine mwaka wa Hijria, sasa rekodi imeandika karne ya 19 na mbao yenyewe imeandikwa 1306, ambayo ni 1888 au 1889! Mtu aliesoma chuo cha Kurani tangu mdogo analiona hilo kwa dakika moja, na hiyo ni elimu, iandike bila ya kuona haya.

Kamati itakayokusoma pengine ina mtu wa michoro ya Ulaya na mtu wa China, hawajui magofu ya Pujini, Pemba, yako wapi wala kwamba msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi, khati ya Kiarabu ya kale, ya mwaka 500 Hijria (1107), kwa hivyo waambie mahali na wakati katika sentensi za mwanzo kabisa, usiwaache wakisie.

Mwandikie kyureta, yaani msimamizi wa mkusanyo wa vitu unavyovitaka, mapema, miezi miwili mitatu kabla ya dedilaini. Smithsonian khasa wanataka uwe umeshazungumza na mtu wa ndani atakaekusimamia. Imeili iwe fupi, aya mbili, kitu gani unataka kukitizama na kwa nini, hao watu wanapokea imeili nyingi mno. Na angalia sharti la miaka tangu upate PhD, pengi pana kikomo, ukichelewa ndo basi.

Ukipata, alhamdulillah, jua kwamba stoo haingiwi hivi hivi. Unaomba wiki kadhaa kabla, unapeleka orodha ya namba, unaingia na penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi. Kila unapopiga picha piga kwanza ile namba ya kitu, baada ya miezi sita picha mia tano za mbao zote zinafanana na hutojua ipi ni ipi. Na vaa glavu, wala si kwa ajili ya kulinda kitu tu, zamani makumbusho mengi yalikuwa yanapaka vitu vya mbao, ngozi na nguo dawa za wadudu zenye aseniki, na bado imo. Uliza kabla hujashika. Kama ni makumbusho ya Ujerumani, faili za vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni wao zimeandikwa kwa mkono wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi, anza kujifunza kabla hujaondoka kwenu.

Pesa nisiseme sana. Ukienda Marekani makumbusho yanakupa fomu ya DS-2019 ya kuombea visa ya J-1, ile ya watafiti wageni, unakwenda intavyuu ubalozini Dar (uliza kwanza kama wakati huo Watanzania wanapewa visa hiyo), na kwenye posho ya feloshipu mtu wa J-1 kawaida anakatwa kodi ya serikali asilimia 14, kwa hivyo usipige hesabu ya kodi ya nyumba kwa ile namba iliyoandikwa kwenye barua. Na mwenye nyumba atataka amana kabla posho ya kwanza haijaingia.

Jengine ambalo linaniuma kweli, usikubali mwaka wako ukageuka kuwa mwaka wa kutafsiri. Watakujia kila ofisi, hebu tusomee hii kanga, hebu huyu kwenye picha kavaa nini, saidia, ni uungwana, lakini omba jina lako liandikwe kwenye rekodi pamoja na tarehe, na siku zako za kuandika zilinde. Wewe ni mtafiti kama wao.

Na vitu vyetu virudi japo kwa nakala. Tarehe 25 Disemba 2020 Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu na watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu, na kila anaeshughulika na turathi hapa anajua tangu siku ile picha nzuri na rekodi kamili zina thamani gani. Weka ndani ya pendekezo lako kwamba nakala za picha na rekodi zitapelekwa Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, na za vitu vya Pemba zifike makumbusho ya Chake, na zungumza na kyureta wiki za mwanzo, kwa sababu mkataba ukisha ile imeili waliyokupa inafungwa, na kuomba mafaili ukiwa nje ni kuanza upya na mtu asiekujua.