Gemu ya magari ya watu wanne, skrini moja: jibu kwa ndugu wa Chake Chake

Ndugu yangu, umeuliza gemu ya magari ya kutazama kutoka juu, watu wanne kwa pamoja, kompyuta kongwe iliyounganishwa na TV. Weka Micro Machines 2 ya Sega Mega Drive, mashine ya gemu ya zamani, usihangaike na nyengine. Codemasters wa Uingereza waliitoa 1994, na kaseti yenyewe waliitia matundu mawili ya padi (vidude vya kuchezea mkononi), juu ya mawili ya mashine, ndiyo maana wanne wanacheza bila kifaa cha ziada.

Tumia RetroArch, programu ya kuchezea gemu za mashine kongwe kwenye kompyuta, na injini yake ya Mega Drive iitwayo Genesis Plus GX, inayajua matundu yale. Eneo liache PAL (mfumo wa TV wa Ulaya), Hz 50, yaani picha 50 kwa sekunde. Ukilazimisha 60, mwendo unazidi kwa asilimia 20 na kona hazikatiki. Kwenye TV washa hali ya gemu, la sivyo unabonyeza sasa, gari inapinda baadaye.

Tabu kubwa huwa kwenye padi. Habu ya USB (kigawanyi cha tundu moja kuwa mengi) isiyo na umeme wake hugawa kama miliampu 100 kwa kila tundu, na padi yenye mtetemo hutaka zaidi, kwa hiyo inazimika katikati ya mbio na watu wanaanza kugombana. Zima mtetemo, au chomeka mbili mbele ya kompyuta na mbili nyuma. Padi za aina moja pia hubadilishana namba ukiwasha upya: zibandike utepe 1 hadi 4, uzichomeke kwa mpangilio huo kila siku. Kibodi usimpe mtu. Zile za bei rahisi, vitufe vitatu vikishikwa pamoja, kimoja mara nyingi hakisikiki.

Skrini haigawanywi. Kamera inamfuata anayeongoza, na anayeachwa nje ya picha ametoka mpaka raundi iishe. Lakini anayeongoza yuko ukingoni, haioni kona inayokuja. Kwa hiyo njia usiyoijua kaa wa pili, mwache mwenzio aanguke kwanza, kisha pita.

Wageni wote wanakosea pale pale: gari ikishuka chini ya skrini, kulia kwake ni kushoto kwako. Mwambie ajihesabu amekaa ndani ya gari, asitazame kama mtu aliye juu ya dari.

Mkifika wanane, mchezo unaruhusu wawili kwa padi moja: mmoja anaendesha gari yake kwa msalaba (kitufe cha mielekeo), mwengine yake kwa vitufe, na gesi inajikanyaga yenyewe.