Wota pampu imekufa Mtwara, spea iko Dar

Kijana akiingia gereji hudhani kazi ya wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, ni kuifungua. Nami nilidhani hivyo. Ukweli ni kwamba kuitoa na kuirudisha ile ya Toyota IST ni kazi ya nusu siku kwa mtu anayejifunza, ukiwa na spana zako na usipoharakishwa. Kinachokula siku ni kuagiza pampu isiyo yake.

Fundi wa Kariakoo akipewa pampu isiyoingia anavuka barabara na kuibadilisha kabla chai haijapoa. Sisi wa Mtwara tuko zaidi ya kilomita 550 kutoka huko. Maduka ya spea yapo hapa mjini, na ya magari yanayotembea sana utayapata, lakini gari likiwa la kipekee kidogo jibu ni lile lile: "Tuagize Dar." Mzigo unapanda basi alfajiri, jioni uko stendi. Ukikosea, unarudi kwa njia ile ile, na mwingine unakuja. Mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar pale Somanga Mei 2024, nilikuwa na gari juu ya mawe na pampu yake ikiwa ng'ambo ya maji. Mteja alikuwa anakuja kila asubuhi, anasalimia, anakaa kwenye benchi. Hasemi neno. Afadhali angegomba.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujapiga simu Dar, hakikisha kwanza kwamba ni pampu kweli. Gari likichemsha, wageni wa kazi wote hukimbilia pampu. Linaweza kuwa feni haizunguki, themostati, kile kilango cha maji kinachofunguka kwa joto, imeganda ikiwa imefunga, rejeta imeziba, belti imelegea, au hedi gasketi imeungua. Hata kepu ya rejeta. Kepu iliyoandikwa 1.1 ipo pale kushikilia mgandamizo usitoke, na mgandamizo huo ndio unaofanya maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Springi yake ikichoka, gari linachemsha huku pampu ni nzima. Na kwa sababu hiyo hiyo usiifungue kepu injini ikiwa ya moto: mgandamizo ukiachiliwa ghafla, maji yanachemka papo hapo na kuruka na mvuke, na uso ulioinama hapo ni wako. Mteja akikuhimiza, mpe kiti.

Pampu inayokufa hutoa dalili zake. Shika puli, lile gurudumu linalozungushwa na belti, itikise juu na chini: ikicheza hata kidogo, beringi imekwisha. Sikiliza mlio wa kukwaruza unaobadilika ukikanyaga mafuta. Kisha washa tochi utazame chini ya shingo ya pampu, pana tundu dogo, wakati mwingine mawili. Ukiona michirizi iliyokauka, ya waridi au nyekundu au kijani kutegemea kulanti, yaani maji ya rangi ya kupozea injini, iliyomo, au ukoko mweupe kama wa chumvi kwenye mtungi wa zamani, sili, kile kizuizi cha maji cha ndani, imechoka. Lakini fuata unyevu mpaka juu kabisa. Mara mbili nimeona pampu ikilaumiwa kumbe mpira wa juu ulikuwa unavuja kwenye klempu na maji yanateremkia hapo. Klempu ni shilingi ngapi?

Lile tundu nataka tulizungumze vizuri. Mtengenezaji ameliacha makusudi: sili ya ndani ikianza kupitisha maji, yatokee nje yaonekane, yasiingie kwenye beringi. Msimu mmoja wa korosho aliletwa mzee na Noah yake kutoka njia ya Tandahimba, imevutwa kwa kamba. Alikuwa anawahi mnada. Wiki moja kabla, fundi mmoja alikuwa amemsaidia: aliliona tundu linatona, akaliziba kwa gundi ya chuma. Likakauka kweli. Mzee akashukuru, akalipa. Maji yakabaki ndani, yakaosha grisi yote ya beringi, shafti ikaanza kuyumba. Sasa Noah ile chesisi yake ni SR40, injini 3S-FE, ambayo wota pampu yake huzungushwa na taimingi belti yenyewe, ile inayopanga vali zifunguke kwa wakati. Pampu ilipoyumba, belti ikahama, ikalika ubavu, ikakatika. Nilipofungua kava niliokota nyuzi za belti kwa vidole kama unavyotoa nywele kwenye kitana. Ukiliona tundu linavuja, mwambie mwenye gari ukweli: hapa ni kubadilisha pampu.

Hiyo Noah ni mfano mzuri wa jambo jingine. Mteja akikwambia "Noah", hajakwambia kitu. SR40 ina 3S-FE, pampu iko nyuma ya kava ya taimingi. AZR60 ina 1AZ-FSE, inatumia cheni, pampu iko nje. Ni Noah zote mbili, na muuza spea wa Dar ukimtajia jina tu atakutumia ile anayoiuza zaidi. Soma kibao cha chesisi kwenye gari lenyewe. Kadi ya gari isome pia, ila usiiamini peke yake. Magari yetu mengi yameshabadilishiwa injini, na pampu inafuata injini, haifuati boneti. Futa mafuta kwenye bloku usome namba kwa macho yako.

Kisha, na hapa ndipo ninapogombana na vijana wangu, usiagize pampu ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Itoe. Ioshe. Ilaze mezani na rula kando, piga picha ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma, ndipo umtumie muuzaji. Picha ya ubavuni ndiyo yenye maana kuliko zote: inaonyesha kimo kutoka uso wa gasketi hadi pale puli inapokaa. Niliwahi kupokea pampu ya Hiace ya dizeli, matundu ya bolti yote yakalingana, nikafurahi, nikafunga. Kimo kilizidi milimita nne. Kwa macho puli zilikuwa sawa. Gari likaanza kupiga kelele kabla halijafika Mikindani, na belti mpya ikawa imelika upande mmoja kama kiatu cha mtu mwenye mguu mbovu. Gharama ya belti ile ilikuwa yangu, na safari ya pili ya basi ikawa yangu pia.

Hesabu pia mabawa ya impela, ile feni ya pampu inayosukuma maji, na utazame yameinamia upande gani. Pampu inayozungushwa na mgongo wa belti huzunguka kinyume na ile inayozungushwa na tumbo lake, na zinaweza kufanana kwa nje.

Kuhusu ubora, huku utakuta ngazi nne. Ipo ya kampuni ya gari yenyewe. Ipo ya watengenezaji wanaojulikana kwa pampu, kama Aisin, ambayo ni ya kundi la Toyota, au GMB. Ipo kopi isiyo na baba. Na ipo ya mtumba, iliyotolewa kwenye injini iliyokatwa. Mimi kwa gari la mtu anayelipa huchagua ya pili. Ya kwanza ni nzuri lakini ukiongeza nauli ya mzigo wateja wengi wanaguna. Ya mtumba siifungi kabisa. Alternata ya mtumba nafunga, hata gia boksi, lakini wota pampu ni sili na beringi, basi. Na sili iliyolowana miaka kumi kisha ikakauka ndani ya kontena hujui itaamka vipi. Kopi nimefunga, sitasema uongo, mteja akishaelezwa na akakubali. Zipo zilizodumu. Siwezi kukwambia utazitambuaje kabla.

Boksi lisikudanganye, maboksi yanachapishwa. Tazama mwili wa pampu: maandishi yawe yametoka pamoja na chuma, si stika, uso wa gasketi uwe umechongwa laini, bila vidonda, impela isiwe na ncha za chuma zilizoachwa. Izungushe kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito kidogo na ielee sawasawa. Ikikwaruza kama ina mchanga, irudishe bila kuifunga.

Ufungaji nitaupitia upesi, maana utauona kwa macho, isipokuwa vitu vitatu. Legeza bolti za puli wakati belti ingalipo, kwa sababu belti ndiyo inayoishika isizunguke; wengi hutoa belti kwanza, kisha wanahangaika na bisibisi wakivunja vitu. Pili, bolti hazilingani urefu. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la pampu, kila bolti ichomeke mahali pake. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inafika mwisho kabla haijabana, wewe unaongeza nguvu, na alumini inapasuka kwa mlio mdogo sana ambao hutausahau. Hizi ndogo za kichwa cha kumi zinahitaji kama newton mita 10 tu. Ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega.

Tatu ni silikoni. Ziba tundu la bloku kwa tambara, kwangua gasketi ya zamani polepole bila kuchimba alumini, futa mpaka pawe pakavu. Gasketi ya chuma funga kavu. Usipake silikoni kama siagi ukidhani unaongeza usalama. Inayozidi inaminyika kwa ndani, inakatika, inasafiri hadi kwenye vijia vya rejeta.

Baada ya hapo, maji. Mtwara na Lindi visima vingi vya pwani vina chumvi, ulimi wako unajua. Chumvi hiyo inakula alumini na inaacha ukoko unaosaga sili mpya. Weka kulanti iliyochanganywa tayari, au kali uichanganye nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini, yale ya betri yasiyo na asidi. Mteja akikataa gharama, basi maji ya mvua yaliyokingwa safi, na aambiwe kwamba ni ya muda. Jaza taratibu, hita ikiwa wazi, mbele ya gari pakiwa juu kidogo, ukiminya mpira wa juu hewa itoke. Acha injini iungurume mpaka themostati ifunguke, nyingi za Toyota hufunguka nyuzi 80 na kitu, na mpira wa chini upate moto. Kama mpira wa chini ni baridi na wa juu unaunguza, bado kuna hewa au themostati haijafunguka, usikabidhi gari.

Pampu mpya inaweza kutona matone machache siku ya kwanza sili inapojikalisha. Ikiendelea siku ya pili, hiyo ni kasoro. Ndiyo maana gari la kwenda mbali, hasa la kupanda Newala likitokea Masasi na mzigo, huwa naomba lilale kwangu usiku mmoja na kadibodi safi chini yake.

Na pampu kuukuu usimpe mtu wa skrepa siku hiyo hiyo. Mimi huifunga waya, naandika namba ya gari kwa chaki, naitundika kwenye msumari nyuma ya mlango kwa mwezi mzima. Mpya ikileta matatizo, ninapopiga simu Dar nina kitu cha kupima mkononi. Sasa hivi ziko sita pale, na moja simkumbuki mwenyewe.