Nyuki wanaliruka shamba la alizeti? Anza na harufu ndani ya mzinga

Msomaji wa Singida ametuandikia kwamba mizinga yake iko kandokando ya alizeti iliyochanua, lakini nyuki wanapita juu kwa juu kwenda porini. Tunaulizwa hili kila msimu, na wengi huwalaumu nyuki bure. Nyuki kibarua akirudi na mbochi, yaani maji matamu ya maua, huwagawia wenzake mdomo kwa mdomo, nao huonja utamu pamoja na harufu ya ua. Wakitoka, papasi zao, vile vipembe vya kunusia, hutafuta harufu hiyohiyo. Pori likitangulia kuchanua, mzinga mzima umeshazoea harufu ya pori.

Basi waonjeshe alizeti nyumbani, maua ya kwanza yanapofunguka. Chemsha lita moja ya maji, epua, koroga kilo moja ya sukari mpaka iyeyuke. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanatia maua shira ikiwa bado moto, na harufu yote inapaa na mvuke. Subiri ipoe kabisa. Jioni tia petali za njano na vijiua vya katikati vilivyofunguka, kiasi cha robo ya chombo, kisha funika. Vijani vya kijani vinavyolishika ua vitoe vyote, maana vinanukia majani, na hutaki nyuki wajifunze majani. Sufuria iliyopikiwa vitunguu usiiguse kwa kazi hii.

Alfajiri, kabla hawajaanza kuruka, chuja na uweke mililita 100 ndani ya kila mzinga, kwenye kisahani chenye vijiti wasizame. Usimwage nje, utaita sisimizi na nyuki wezi. Rudia kila siku kwa shira mpya, kwani iliyolala huchacha. Tafadhali usiongeze kipimo! Wakipewa nyingi wataijaza kwenye masega, na asali yako itakuwa sukari.

Mwaka 2020 mtafiti wa nyuki Walter Farina na wenzake wa Argentina walichapisha matokeo ya kulisha nyuki shira yenye harufu ya kutengenezwa inayofanana na ya alizeti. Mavuno ya mbegu yalipanda kati ya asilimia 29 na 57.

Ukienda mzingani usiwe umetoka kula ndizi mbivu. Harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki huitoa wanapouma, nao huipokea kama wito wa vita.

Shamba likipigwa dawa ya wadudu, acha kuwapa shira: utakuwa unawaelekeza kwenye sumu.