Nikipigana na nafsi yangu, nani anapigana na nani?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa bodaboda hapa Kisumu, steji yangu iko Kondele. Ramadhani iliyopita nilifunga yote, tarawehe nilizikosa chache tu, na sikuweka mkeka wa kubeti hata mmoja. Idi ilipopita, Jumamosi ya kwanza nikajikuta nimeshika simu nabeti, na hesabu ya mwenye pikipiki ikalala. Chakula nacho kinanishinda. Wakati wa futari nilikuwa nakula mpaka kurukuu inakuwa taabu. Ustadh mmoja alituambia nafsi ndiyo adui, na dawa yake ni kuiua. Nimejaribu, haifi. Sasa nauliza: nikiiua nafsi yangu nitabaki nani? Na hivi sasa nani anapigana na nani? Je, Ramadhani yangu ilikuwa ya bure? La mwisho, niliwahi kuchukua pesa za kikundi chetu cha steji nikabeti nazo, kisha nikazirudisha zote bila mtu kujua. Niwaambie wenzangu?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Nianze na lililokuchanganya. Nafsi haiuawi, na hukuamrishwa kuiua. Masheikh wa malezi wanaposema "iue nafsi" wanakusudia kuvunja ukaidi wake, na huyo ustadh bila shaka hilo ndilo alilolikusudia. Lakini maneno hayo yakimfikia kijana bila maelezo humkalia vibaya. Anaanza kuhisi kwamba ndani yake amepanga mgeni mwovu, na kila anapoanguka anasema si mimi, ni nafsi. Mwingine hukata tamaa kabisa kwa sababu amepewa kazi isiyowezekana. Yote mawili nimeyaona kwa vijana, na yote mawili yanaharibu toba.

Qur'ani inasema kila nafsi itaonja mauti (3:185). Hapo anasemwa mtu mzima, wewe na mimi, wala si kiumbe kingine kilichojificha kifuani. Kisha inatuonyesha nafsi katika hali tatu. Iko inayoamrisha maovu, katika Sura Yusuf (12:53). Iko inayojilaumu, ambayo Mwenyezi Mungu ameiapia katika Sura ya 75. Na iko iliyotua, itakayoitwa irejee kwa Mola wake ikiwa radhi na imeridhiwa, mwishoni mwa Sura ya 89. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki Damascus mwaka 1350, alieleza kwamba hizi si nafsi tatu ndani ya mtu mmoja. Nafsi ni moja, inageuka hali.

Kwa hiyo aliyeweka mkeka Jumamosi ni wewe, na aliyeungua moyo baadaye akakaa kuniandikia ni wewe vilevile. Huyo wa pili ndiye aliye katika hali ya kujilaumu, hali aliyoiapia Mola wako. Usiidharau. Angekuwa amekufa ndani, asingeuliza kitu.

Umeuliza nani anapigana na nani. Sura ya 91 inajibu: Mwenyezi Mungu ameapa kwa nafsi na Aliyeitengeneza, akaijulisha uovu wake na uchamungu wake, kisha akasema amefaulu aliyeitakasa na amehasirika aliyeiviza. Vyote viwili vimo humo humo. Una tamaa inayovuta, una akili na imani vinavyoona mbali, na umepewa hiari ya kuamua utakipa kipi nguvu. Mapigano unayoyasikia ni ya mtu mmoja anayeamua.

Na kwamba unaweza kuamua, ushahidi unao. Kumbuka adhuhuri ya Ramadhani, jua la Kisumu unalijua, umetoka kubeba abiria Kibuye, koo limekauka, unafika bombani kutia udhu. Unachota maji, unayaweka kinywani, yamejaa, ni baridi. Hakuna mtu duniani angejua kama ungemeza funda moja. Unayatema. Ulifanya hivyo mwezi mzima wala hukuhesabu kuwa ni ushujaa. Aliyeyatema maji yale ni nani? Ni huyo huyo anayesema leo hawezi kujizuia. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu katika mieleka, mwenye nguvu ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Hadithi hii ni ya sahaba Abu Hurayra, imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Amesema anayeimiliki, hakusema anayeiua.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilisema jambo hili kwa uwazi: anakosea anayedhani lengo ni kung'oa matamanio na hasira moja kwa moja, kwa sababu yameumbwa kwa manufaa. Tamaa ya chakula ikikatika mtu atakufa, na tamaa ya ndoa ikikatika kizazi kitakwisha. Akafananisha matamanio na farasi, na akili na mpandaji. Wewe unayeshinda juu ya pikipiki huhitaji kufafanuliwa: chombo unakihitaji, lakini usukani hauachiwi.

Tena nafsi ina haki. Sahaba Salman al-Farisi alimtembelea nduguye wa imani Abu Dardaa akamkuta mke wa Abu Dardaa hajijali, na mke huyo akasema nduguyo hana haja na dunia. Abu Dardaa akataka kufunga mchana na kusimama usiku kucha. Salman akamlazimisha ale, kisha akamlazimisha alale, na mwisho wa usiku wakasali pamoja. Akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wa nyumbani wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) akasema: Salman amesema kweli. Imo katika Bukhari. Mimi naiona hadithi hii kuwa ndiyo mzani wa suala lako zima, kwa sababu anayeidhulumu nafsi kwa kuinyima haki yake hurudi nayo siku moja kwa kuipa isivyo haki yake. Ndivyo wengi wetu tunavyotoka Ramadhani: mwezi wa kujibana, kisha Idi ya kufungulia kila kitu.

Sasa tenganisha mambo mawili uliyoyaweka kapu moja. Chakula ni halali, kamari ni haramu. Dawa zake si sawa.

Chakula hupimwa. "Kuleni na kunyweni wala msipite kiasi" (7:31). Mtume (s.a.w.) amesema mwanadamu hajajaza chombo kibaya zaidi kuliko tumbo, na kama hapana budi, basi theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Ameipokea Tirmidhi. Kwa hapa kwetu karibu na ikweta saumu haiwi ndefu kwa msimu wowote, ni saa 13 na kitu hivi. Futuru kwa tende na maji, sali magharibi, ndipo urudi kwenye uji na viazi, na ugali na samaki uuache baada ya tarawehe kama bado una njaa. Mara nyingi utakuta huna. Hilo halihitaji vita.

Kamari ni jambo jingine. Katika Sura ya 5, aya ya 90, Mwenyezi Mungu ameitaja pamoja na ulevi, akaviita uchafu katika kazi za Shetani, na amri iliyokuja ni kujiepusha nayo. Aya inayofuata inataja kazi yake: inatia uadui na chuki baina ya watu, na inazuia dhikri na sala. Kwa hiyo kubeti hakupimwi, kwamba nitabeti kidogo, shilingi 50 tu, kujiburudisha. Hukatwa. Vijana wengi huniambia wanapunguza. Ninawaambia hapa hakuna kupunguza, kwa sababu kamari haimshiki mtu kwa kumla kila siku. Ingemla kila siku angeichoka ndani ya mwezi. Humshika kwa kumpa mara moja moja. Mkeka mmoja uliotiki unakumbukwa mwaka mzima, na ile yote iliyochanika inasahauliwa kufikia Jumatatu. Anayepunguza anaiachia ile "mara moja moja" iendelee kumfuga.

Na kujiepusha kunataka umbali, tena umbali wa mambo madogo madogo. Futa programu ya kubeti kwenye simu, usiifiche. Jiondoe kwenye vikundi vinavyotumiana mikeka. Hesabu ya mwenye pikipiki ilipe mapema, ikipatikana tu adhuhuri itume, isilale kwenye simu ikikuangalia mpaka mechi zianze. Iliyobaki, sehemu ya nyumbani mtumie mama watoto kama umeoa, au ndugu unayemwamini. Na Jumamosi alasiri, saa ile wenzako wanapoinamia simu pale steji, wewe toka, beba abiria wa mbali au nenda msikitini. Kumtaka mtu akae katikati ya moto kisha aseme sihisi joto si mwendo wa dini yetu. Yusuf (a.s.) pamoja na utume wake alipoitwa katika haramu hakukaa kujipima nguvu, alikimbilia mlangoni.

Jambo hili lishike, maana limewaokoa wengi: tamanio likikujia, hilo peke yake si dhambi. Mtume (s.a.w.) amesema Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale yanayopita katika nafsi zao maadamu hawajayatenda au kuyasema (Bukhari na Muslim). Kwa hiyo mkono ukiwasha Jumamosi usijiambie "nimeshaharibu, bora nimalizie". Hujaharibu chochote bado. Tamaa hupanda, na usipoilisha hushuka. Mara ya kwanza itakuchelewesha sana, baadaye itachoka upesi.

Ama Ramadhani yako, kama ulifunga kwa masharti yake saumu ni sahihi, na dhambi ya Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, haiibatilishi. Kukubaliwa ni kwa Mwenyezi Mungu, tunaogopa na tunataraji. Ila usimruhusu Shetani akuambie wewe ni mnafiki. Palikuwa na mtu zama za Mtume (s.a.w.) aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi na kuadhibiwa. Siku moja mtu akasema: Mungu amlaani, mara ngapi analetwa! Mtume (s.a.w.) akasema: msimlaani, kwani ninachojua ni kwamba anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Ameipokea Bukhari kutoka kwa Umar. Angalia vizuri: adhabu haikuondolewa, ulevi haukuhalalishwa, na mapenzi yake kwa Mola wake hayakukanushwa. Wewe nawe simama hapo hapo.

Ulichokipata Ramadhani ni kwamba watu wote walikuwa wanafunga milango pamoja nawe: nyumbani, msikitini, hata steji Waislamu wenzako walikuwa wanaona haya. Baada ya Idi kila mmoja alirudi kwake ukabaki na mlango wako peke yako. Ndiyo maana tukasuniwa saumu za siku sita za Shawwal, za Jumatatu na Alhamisi, na za siku tatu za kila mwezi. Chukua unayoiweza, hata kama ni Alhamisi moja, lakini idumu, kwani amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu japo ni chache. Na omba dua aliyokuwa akiomba Mtume (s.a.w.), imo katika Muslim: Allahumma aati nafsi taqwaha, wa zakkiha anta khayru man zakkaha, anta waliyyuha wa mawlaha. Ewe Mola, ipe nafsi yangu uchamungu wake na uitakase, Wewe ndiye mbora wa kuitakasa, Wewe ndiye mlinzi wake na bwana wake. Hapo Mtume anaiombea nafsi yake kheri, wala haombi ife.

Tumalizie pesa za kikundi. Kuzichukua bila idhini kulikuwa khiyana hata kama nia ilikuwa kurudisha, na kurudisha ni wajibu uliokwisha kuutimiza. Iliyobaki ni kujuta kwa Mola wako na kuazimia kutorudi. Madhali haki imefika kamili na hakuna mwenzako aliyepata hasara, huna haja ya kujitangaza. Mtume (s.a.w.) amesema umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaojidhihirisha kwa maasi, na miongoni mwao ni yule aliyesitiriwa na Mola wake usiku, asubuhi akajifunua mwenyewe. Lakini kama kuna mwanachama aliyeomba mkopo wakati ule akanyimwa kwa sababu sanduku lilikuwa tupu, huyo mtafute, umtake radhi, na umsaidie kwa kadiri uwezavyo. Kama una chochote ulichoshinda kwenye mikeka na bado kipo, kitoe kwa maskini kwa nia ya kujitoa katika haramu, bila kutaraji thawabu za sadaka. Na kuanzia leo usikubali kuwa mweka hazina wa kikundi, hata wakikuchagua. Waambie una udhuru, wala usiutaje.

Wallahu a'lam.