Wenyeviti wetu wa zamani tuwaenzi vipi?

SWALI: Shirika letu la mipango ya maendeleo ya kanda linatimiza miaka 50, nami ni katibu wa kamati ya maandalizi. Wenzangu wanataka ngao, hotuba na picha za wenyeviti wote ukutani. Wapo wanaosema mmoja aachwe kwa sababu aliondolewa kwa ugomvi. Unatushauri nini?

JIBU: Katibu, hongereni sana. Shirika la aina yenu huishi kwa kushawishi: halmashauri jirani zikae meza moja zikubaliane kuhusu barabara, maji na ardhi. Kufika miaka 50 kwa njia hiyo ni kazi kubwa, na furaha yenu naielewa.

Ngao toeni. Ila kumbukeni kwamba kiongozi wa mipango mara nyingi hupanda asichokivuna. Charles Dyer Norton ndiye aliyeisimamisha kamati ya kuandaa mpango wa New York na maeneo yake ya jirani mwaka 1922. Mwaka uliofuata akafariki. Frederic Delano akashika kiti, Thomas Adams akaongoza wataalamu, na mpango wenyewe ukaanza kuchapishwa mwaka 1929. Ukimpima Norton kwa yaliyokamilika wakati wake, utamwona hakufanya kitu, na huko ni kumdhulumu. Kwa hiyo chini ya kila picha msiishie kwenye miaka ya uongozi. Andikeni jambo moja alilolianzisha, na mwaka lilipokamilika, hata kama yeye alishaondoka.

Huyo aliyeondolewa abaki ukutani, tena pale pale kwenye zamu yake. Mamlaka ya Bonde la Tennessee, iliyoundwa 1933 huko Marekani, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mhandisi Arthur Morgan. Alizozana hadharani na mjumbe mwenzake David Lilienthal, hadi Rais Roosevelt akamwondoa mwaka 1938. Lakini bwawa la Norris, la kwanza kujengwa na mamlaka hiyo, lilikamilika 1936 yeye akiwa kitini. Utalionyeshaje bwawa ukimficha mwenyekiti wake? Semeni kwamba aliondolewa, semeni na alichokijenga.

Na bwawa hilo hilo liliwahamisha watu kwa maelfu, hata makaburi yao yakahamishwa. Kama mipango yenu nayo iliwahi kuhamisha watu, waalikeni wapewe nafasi ya kuzungumza. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa maana sherehe nyingi huwasahau.

Hotuba ziwe fupi. Sina la kuongeza hapo.

Jambo ambalo ningelianza wiki hii hii ni kuwarekodi wazee wangali hai, na msiwatafute wenyeviti tu. Mtafuteni mchoraji ramani wa enzi za kalamu na rula. Mtandazieni ramani ya zamani mezani, wekeni simu inase sauti, kisha mwulizeni: kwa nini barabara hii inapinda hapa? Nani alikataa ipite kule? Majibu yake huenda hayamo kwenye kumbukumbu za vikao, kwani huandikwa kilichoamuliwa, yale mabishano yakaachwa.

Kwa viongozi waliofariki, barua za mwaliko zitangulie kwa familia zao kabla ya kadi za wageni rasmi, na muwaombe picha wanazozipenda wenyewe. Safu ya mbele wakae wao na wachoraji ramani.