Uji wa moto kwenye chupa ya plastiki
Mama, umeuliza kama uji wa moto kwenye chupa ya plastiki unamdhuru mtoto. Usiumimine ungali unafuka. Joto ndilo linalochochea kemikali za plastiki kuingia kwenye chakula. Inayonitia hofu zaidi ni BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, maana mwilini inajifanya estrojeni, homoni ya kike, na miili ya watoto wachanga ndiyo dhaifu kwayo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Geuza chupa utazame kitako: namba 7 yaweza kuwa na BPA, namba 5 haitengenezwi nayo. Hata hiyo namba 5, poza uji kwanza kwenye bakuli la stili. Chupa iliyochubuka ndani, tupa. Na jamani, kufunika wali jikoni kwa mfuko wa nailoni tuache, sahani ya bati inatosha.