Barua kwa mwanangu: klabu iliyobaki na wanafunzi sita

Mwanangu,

Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia umeanza kuizoea Kongwa, huko Dodoma. Umeniuliza ufanyeje: klabu ya sayansi uliyokabidhiwa ilianza na wanafunzi 40, wiki ya tatu wamebaki 6, na kila ukiwahimiza mstarini wanaitikia "ndiyo mwalimu" kisha hawaji.

Acha kuwahimiza mstarini. Mwanafunzi wa shule ya kutwa hakatai fursa, anapiga hesabu. Ukimbakiza baada ya saa tisa na nusu alasiri, msichana anayetembea kilomita sita atafika kwao giza linaingia, maji hayajachotwa, na pengine tangu asubuhi hajala. Muombe mkuu wa shule kipindi kilicho ndani ya ratiba, kile cha michezo kikiwezekana. Chukua Kidato cha Kwanza na cha Tatu. Cha Pili wana upimaji wa kitaifa, cha Nne wana mtihani wao, na mwalimu wa taaluma akikukatalia hao atakuwa na haki. Halafu usichangishe hata shilingi mia bila kibali. Tangu elimu bila ada ianze 2016, michango ya kienyeji ndiyo njia ya mkato ya kuitwa wilayani kujieleza.

Lakini kasoro kubwa ni kwamba klabu yako haina kazi. "Kujadili sayansi" si kazi. Wape jambo lenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na mtu anayesubiri matokeo. Kwa hapo ningechagua mvua. Msimu ni mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya muhula wa kwanza imo ndani yake. Tena ni Kongwa hiyohiyo ambako Waingereza walianzisha mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakauacha 1951. Miongoni mwa vilivyouangusha ni mvua isiyotabirika, na udongo uliokuwa ukikauka unakaza hata karanga hazichimbiki. Hata wenye matrekta walishindwa, na kutoijua mvua kulichangia. Waambie hivyo siku ya kwanza, uone nani atasinzia.

Kipima mvua wakitengeneze wenyewe. Chukueni chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyonyooka ubavuni, isiyo na kiuno. Ikateni pale mabega yanapoanzia, kisha kipande cha juu kigeuzwe kiwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo tieni kokoto, mmimine maji mpaka yafunike kokoto na kufika sehemu iliyonyooka. Hapo pigeni mstari wa makapeni: ndiyo sifuri. Gundisheni rula, sifuri yake ikae juu ya mstari huo. Chupa isimame ndani ya ndoo ya mchanga, mdomo wake uwe kama sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yanayoruka chini yasiingie. Iwe mbali na mti au ukuta, angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho.

Isomwe kila siku saa tatu asubuhi. Baada ya kusoma, maji yarudishwe kwenye mstari wa sifuri, hata siku isiyo na mvua, maana jua hupunguza yaliyomo. Wakisahau hilo, wataandika mvua pungufu kuliko iliyonyesha. Zamu ziwe za watu wawili wawili, na za mwisho wa wiki wapewe wanaokaa karibu na shule. Siku iliyopita bila kusomwa waandike "haikusomwa" kwenye kaunta buku, na kipimo kinachofuata kiandikwe kuwa ni jumla ya siku hizo. Hapa uwe mkali. Utakuta namba nzurinzuri za 5, 10, 15 zilizobuniwa Jumatatu asubuhi. Usimchape wala kumwaibisha aliyebuni. Mpe zamu nyingine, mwende mkasome pamoja.

Sasa anayesubiri matokeo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati linalofunika eneo la mita 9 kwa 7 ni mita za mraba 63; ikinyesha milimita 20 ni lita 1,260. Toa moja ya tano kwa yanayomwagika na kurukia nje, zinabaki kama 1,000. Mvua moja inajaza simtanki ndogo! (Wapime eneo la chini linalofunikwa na paa, wasifuate mteremko wa bati, vinginevyo hesabu itazidi.) Ripoti ya ukurasa mmoja iende bodi ya shule mwishoni mwa Aprili, pamoja na bei ya gata na tangi waliyoulizia dukani wao wenyewe. Mkuu wa shule akitangaza tarehe ya kikao mapema, hutahitaji hotuba.

Wawili watakaoonekana kuchimba zaidi waelekeze kwenye Young Scientists Tanzania, maonyesho ya miradi ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari. Waanze na swali, si na kifaa. Wengi hujenga mtambo wa kung'aa usiojibu chochote.

Kuhusu safari, TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wako hapo hapo Kongwa na wanafanya utafiti wa malisho, yaani mvua kwao ni mkate. Peleka barua ya shule wiki tatu kabla. Barua ya mzazi iwe ya Kiswahili, nusu ukurasa: wanakwenda wapi, saa ya kurudi, nani anawasindikiza, gharama ni za nani. Awepo mwalimu wa kike. Wazazi wa mabinti mara nyingi hukataa kwa sababu hawakuambiwa saa ya kurudi, kwa hiyo itaje na uitimize. Wewe mwenyewe tangulia siku chache kabla uone njia, choo na maji ya kunywa, na ukubaliane na mwenyeji kwamba atazungumza robo saa tu, muda uliobaki wanafunzi waulize maswali waliyoandika darasani.

Baba yako anakusalimu. Bei ya simtanki huko ukiijua, niandikie.

Mama yako